Anayekaa Kushoto

Kidole kimoja kiligonga kibao kimoja, na piano ikatoa sauti mbili.

Mwalimu alikuwa amesimama nyuma ya mwanafunzi wake, mikono kaifumbata, kama alivyozoea kusimama na watu wazima ili wasijione wanachunguzwa. Sauti ya kwanza ndiyo aliyoitaka, ile ya katikati. Ya pili ilitoka chini kabisa, kwenye nyuzi nene za kushoto, ikatambaa sakafuni mpaka akaisikia kwenye nyayo.

"Umegusa wapi pengine, kaka?"

"Hapa tu ulipobandika karatasi." Mwanafunzi akauinua mkono wa kushoto kuonyesha kwamba ulikuwa gotini muda wote. "Nimeharibu kitu?"

"Hujaharibu. Chombo hiki kizee, na wazee hawakosi kukohoa. Tuendelee."

Wakaendelea, na sauti ile haikurudi siku hiyo.

Mwanafunzi mwenyewe alikuwa mwokaji mikate, mtu wa makamo, mjane, vidole vyake vinene na vigumu kwa miaka ya tanuri. Maishani mwake hakuwahi kushika hata filimbi ya mchezo. Mwalimu hakuona tabu. Wanafunzi wake wote walikuwa wa namna hiyo: watu wazima wasiojua noti wala mdundo, wanaokuja baada ya kazi wakiwa na aibu kama walioingia nyumba ya watu bila hodi. Jirani mmoja alikuwa akimwambia samaki hukunjwa angali mbichi. Mwalimu alimjibu kwamba wanafunzi wake si samaki.

Aliwajua vizuri. Mtoto akikosea hucheka; mtu mzima akikosea huomba radhi. Kwa hiyo siku ya kwanza hakuwaonyesha kitabu chochote. Aliwafundisha kutafuta vibao vyeusi, pale vilipo viwili viwili na pale vilipo vitatu vitatu, kisha kukunja kiganja kana kwamba wameshika chungwa, kisha kuhesabu kwa sauti. Mkono wa kulia peke yake kwa wiki nyingi. Wa kushoto ulisubiri gotini mpaka uitwe.

Watoto alikuwa ameacha kuwafundisha tangu binti yake alipofariki. Alikuwa mtoto wake wa pekee, msichana aliyekuwa anamaliza shule, na pumu ilimchukua kati ya asubuhi na adhuhuri. Tangu siku hiyo chumba cha piano kilikaa kimefungwa, hadi Mwalimu alipoona kwamba ukimya nao unazeesha. Akakifungua kwa watu wazima.

"Kwa nini piano?" alimuuliza mwokaji siku ile ya kwanza. Aliwauliza wote.

Mwokaji alitoa picha mfukoni mwa shati, akaiegemeza mahali pa kuwekea kitabu. Mwanamke mwenye kitambaa cheupe kichwani, anacheka na mtu asiyeonekana pichani.

"Mke wangu. Alikuwa akikanda unga anaimba kwa pua. Wimbo hauna maneno wala haujawahi kupigwa redioni. Nilimuuliza ameutoa wapi, akasema umetoka kwenye unga. Sasa hayupo, na mimi kuimba siwezi. Nikiimba mimi, hata unga hauumuki."

Akajaribu kuuimba. Mwalimu aliuma midomo asicheke, na mwokaji akacheka kabla yake. Halafu kicheko kikakatika, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na marehemu wake mle chumbani.

Baadaye kidogo, mwokaji akiwa bado anajikwaa na vidole vitano vya kulia, ndipo jambo lenyewe lilipotokea. Ilikuwa alasiri ya jua kali, madirisha wazi. Mwalimu alinusa harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji. Akageuka kutazama jikoni, na alipogeuka tena akaona benchi limebonyea upande wa kushoto, pale pasipokaliwa na mtu.

Mkono wa kushoto wa mwokaji ukainuka kutoka gotini.

Ulipanda polepole, ukaelea juu ya vibao, kisha ukatua kwa wepesi ambao Mwalimu mwenyewe aliutafuta miaka mingi. Wa kulia ukaufuata. Wimbo ukatoka mzima, mtamu, wenye vituo vidogo pale ambapo mtu angenyoosha unga na kuukunja tena, na mwokaji akawa anaitazama mikono yake huku machozi yanamdondokea kidevuni. Mwalimu alitazama vidole. Vile vya kushoto vilikuwa vinakunjika mahali ambapo vidole havina kiungo.

Noti ya mwisho ilipokufa, benchi likarudi sawa.

"Alikuwa hapa," mwokaji akanong'ona. "Ubavuni kwangu. Mwalimu, umemsikia?"

"Nimesikia wimbo, kaka."

"Ni yeye. Naweza kuja tena kesho?"

Mwalimu alipaswa kusema hapana. Ulimi wake ulijua hivyo. Lakini ni nani aliyefiwa anayeweza kumfungia mlango mwenzake aliyeletewa sauti ya marehemu wake? Akamwambia aje. Na mwokaji akawa anakuja kila tanuri lilipozimwa, uso wake unang'aa, na kila alipokuja wimbo ulipigwa hadi mwisho. Mwalimu alikuwa anasimama karibu na mlango sasa. Hakuhesabu tena kwa sauti.

Hakuwa mwokaji peke yake. Dereva mmoja mstaafu alipiga wimbo wa kubembeleza wa mama yake. Mfumaji wa masweta aliupiga kwa piano mluzi wa kaka yake aliyepotea. Watu waliokuwa hawajui kulia na kushoto kwa piano walitoka mle chumbani wakitembea kama walevi, wakimshukuru Mwalimu kwa ufundi wake. Naye akipokea shukrani alijiona kama mtu anayesifiwa kwa chakula kilichopikwa na mwingine, asiyejua ndani yake mmetiwa nini.

Kisha siku moja mwokaji akaja, akaketi, akatia mkono mfukoni mwa shati.

"Mwalimu, nimeikuta hii kwenye nguo zangu. Nadhani mwanafunzi wako mmoja aliidondosha hapa nami nikaiokota bila kujua. Unamfahamu huyu mama?"

Ilikuwa picha ya mwanamke mwenye kitambaa cheupe.

Mwalimu alisubiri acheke. Hakucheka. Alikuwa ameishika kwa ncha za vidole, kwa adabu, kama mtu anavyoshika mali ya mwenzake.

"Kaka," Mwalimu akasema taratibu, "huyo ni mkeo."

"Mke wangu?" Mwokaji aliitazama tena picha, akatabasamu kwa haya. "Mwalimu nawe. Mimi sijawahi kuoa. Tanuri limenimaliza ujana." Akaiweka picha juu ya piano, upande upande, akaanza kunyoosha vidole. Harufu ya majivu mabichi ikaingia.

Siku hiyo Mwalimu alifunga kifuniko cha piano kabla mwokaji hajagusa kitu, akasema kichwa kinamuuma. Mwokaji aliondoka akinung'unika kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Picha aliiacha.

Jioni, Mwalimu alimwendea mumewe. Mumewe alikuwa fundi saa, mtu mpole wa maneno machache, na meza yake ya kazi ilikuwa ukumbini, imepakana na chumba cha piano. Tangu msiba hakuwahi kuvuka kizingiti cha chumba kile.

"Mzee, kuna kitu nyumbani kwetu."

Fundi saa hakuinua macho kutoka kwenye saa aliyokuwa ameifungua. "Kipi?"

"Kwenye piano. Kinawachezea watu nyimbo za marehemu wao. Halafu watu wanasahau."

"Mimi naona mambo yanakwenda vizuri," akasema. "Yule msichana anacheza vizuri sana."

"Msichana yupi?"

"Huyu anayekuja ukienda sokoni. Anakosea palepale kila siku, anasonya, anarudia. Leo kamaliza wimbo wote. Nilimpigia makofi kutoka hapa."

Mwalimu aliushika ukingo wa meza. Alilijua kosa lile, na alikijua kisonyo kile. "Ufunguo wa chumba ninao mimi, Mzee. Nikienda sokoni nauchukua."

"Basi naye ana wake."

"Ni mwanetu huyo unayemsikia. Ni sauti ya mwanetu."

Hapo fundi saa aliinua uso. Kioo chake cha kukuzia kilikuwa bado jichoni, na lile jicho kubwa lilimtazama mkewe kwa huruma, kama anavyotazamwa mgonjwa.

"Mke wangu," akasema, "sisi tulijaliwa mtoto lini?"

Mwalimu aliuachia ukingo wa meza. Alikwenda jikoni, akafungua bomba, akaacha maji yamwagike ili mumewe asimsikie.

Aliyemsaidia alikuwa mwanafunzi wake mwingine, mkunga mstaafu, mwanamke mkubwa wa umbo na wa kicheko. Alikuja siku iliyofuata kuomba radhi kwamba ataacha masomo. Alikataa kuingia chumbani. Walizungumza uani, kwa sauti za chini, migongo ukutani.

"Juzi kuna kitu kilinijia," mkunga alisema. "Ulikuwa umetoka kidogo kupokea mgeni. Mikono ikaanza kupiga wimbo wa pacha wangu, aliyekufa tukiwa wadogo. Wimbo wetu wa kuchezea kamba. Nililia, sikufichi. Lakini mimi, Mwalimu, nimepokea viumbe maisha yangu yote. Nikishika mkono gizani najua huu wa mzazi, huu wa mtoto, huu wa maiti. Kilichonishika mimi hakikuwa chochote katika hivyo. Nikasimama katikati ya wimbo. Benchi likalia kama mbwa aliyekanyagwa."

"Pacha wako unamkumbuka?"

"Hata meno yake. Kwa nini?"

Mwalimu alimweleza yote. Mkunga alisikiliza, kicheko kimemtoka usoni, kisha akasema, "Nina mtu. Nimewahi kumwona akimtoa mwenye kuzaa kwenye mikono mibaya. Usimwambie mumeo."

Mganga aliyeletwa alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye mkoba wa ngozi kama wa muuguzi, na hakupenda maneno mengi. Alizunguka chumba, akanusa kuta, akapitisha kiganja juu ya benchi bila kuligusa. Alipofika upande wa kushoto, mkono wake ukasimama.

"Ni jini mwenye njaa," akasema. "Hawa hawakai penye kelele. Wanakaa penye kilio kilichozuiwa. Katika nyumba hii kuna mtu hakulia."

"Mume wangu," Mwalimu akasema. "Hata mazikoni hakulia."

"Huyo ndiye mlango. Wengine walikuja wakamwongezea jini riziki." Mganga akavua bamba la mbele la piano, nyuzi zikawa wazi, zinameta kama mbavu. "Anamletea mtu wimbo wa marehemu wake. Wimbo ukifika mwisho, anaondoka na vilivyomo ndani yake. Sura. Jina. Siku mlizoishi. Rafiki yako alisimama katikati, ndiyo maana amebaki na wake."

"Wale waliosahau, watarudishiwa?"

"Kilicholiwa hakirudi, mama."

Mwalimu alifumba macho. Mganga akamngojea mpaka alipoyafumbua.

"Wewe hajakugusa kwa sababu hujapiga piano tangu msiba. Amekuweka akiba. Keti. Atakuja, ataanza, na utamwacha acheze. Karibu na mwisho, inua mikono. Akibaki na njaa mbele yangu atalazimika kujionyesha, na akijionyesha namweza."

"Na nisipoinua?"

"Utamsahau mwanao, na hutajua kama umemsahau. Haitakuuma hata kidogo."

Ilikuwa mchana, na barabarani muuza ndoo alikuwa anapita akigonga ndoo zake. Mwalimu aliketi. Mkunga alisimama mlangoni, kaziba njia kwa mwili wake. Mganga alipiga magoti nyuma ya piano na kuanza kusoma maneno yake chini kwa chini, na sauti za ndoo zikawa zinakwenda mbali, mbali zaidi kuliko barabara ilivyo.

Harufu ikaja kwanza. Kisha benchi likabonyea kushoto kwake, na Mwalimu akahisi bega dogo lenye joto likiegemea mkono wake, kama alivyokuwa akiegemewa jioni za masomo, na vidole vyake mwenyewe vikainuka bila kumwomba ruhusa na kuanza zoezi lile ambalo binti yake alilipenda na kulichukia, lile lenye kupanda ngazi na kushuka, na alipofika mahali pa kosa kosa likatokea, na kisonyo kikasikika sikioni mwake, karibu kabisa, kikiwa na pumzi ya mtu aliye hai, kisha hesabu ikaanza upya, moja na mbili na, moja na mbili na, kwa ile sauti ya kukwaruza kidogo ya mtoto mwenye pumu, na Mwalimu akawa analia bila kujizuia huku anajua kwamba ameusubiri mchana huu kuliko alivyowahi kusubiri kitu chochote, na kwamba wimbo unashuka sasa, unakaribia nyumbani, zimebaki pumzi chache tu.

"Inua," mkunga akasema kutoka mlangoni, na sauti yake ilifika kama imetoka kisimani.

"Mama," sauti ya kushoto ikasema. "Niache nimalize. Safari hii sitakosea."

Mikono haikutaka. Ilikuwa mizito kama iliyolalwa na mtoto aliyechoka, na lile bega likazidi kujikunja kwapani mwake, na ile sauti ikaanza kuhangaika kwa kukosa pumzi, kifua kikipiga filimbi, kama asubuhi ile, kama asubuhi ile hasa, ikisema mama nabanwa, mama niachie wimbo nipumue, na Mwalimu, ambaye asubuhi ile alikuwa amemshika mwanawe mpaka mwisho bila kumwachia, ilimbidi sasa afanye kinyume, amwache angali anaomba, na akafanya hivyo. Aliinua mikono yote miwili juu ya kichwa chake, noti ya mwisho ikiwa haijapigwa, akapaza kilio ambacho muuza ndoo alikisikia mtaa wa pili.

Kilichokuwa kushoto kwake kikaacha kuwa na joto. Mwalimu hakugeuka kukitazama. Mganga alikuwa amemwonya. Aliwaona tu mganga na mkunga wakikitazama, na aliona mkunga, mwanamke asiyeogopa damu wala giza, akiziba macho kwa mikono. Mganga akapandisha sauti. Nyuzi nene za kushoto zikaanza kuvuma peke yake, zikakatika moja baada ya nyingine, kila moja na kishindo chake, na majivu mabichi yakatapakaa juu ya vibao vyeupe kama kitu kimekohoa. Kisha pakawa kimya. Muuza ndoo alisikika tena, pale pale dirishani.

"Amekwenda," mganga akasema. Alikuwa anatokwa jasho. "Fungueni madirisha yote. Na wewe, mama, usiache kulia. Lia mpaka uishe."

Habari za wanafunzi ni fupi. Wengi waliacha, wakisema Mwalimu amepoteza ufundi wake. Mwokaji alikuja mara moja, akapiga kwa mkono wa kulia, akakuta vidole vyake vimekuwa vigumu kama zamani. Mwalimu alimweka kitini, akamsimulia habari za mwanamke aliyekanda unga akiimba. Alisikiliza kwa heshima. Alipoondoka alikubali kuchukua picha, akasema ataitundika pale dukani, mama mwenyewe anaonekana mtu mwema.

Na fundi saa. Mkewe alimweleza kwamba walikuwa na binti. Hakubisha; alimwamini mkewe kama anavyoaminiwa daktari. Ikawa kila jioni, baada ya kula, anaomba asimuliwe. Mwalimu alimsimulia: jinsi alivyozaliwa na nywele tele, jinsi alivyoficha viatu vya babaye asiende kazini, jinsi alivyosema atakuwa rubani kwa sababu juu hakuna vumbi. Fundi saa aliuliza maswali mazuri, maswali ya mtu anayesikiliza habari za mtoto wa jirani. Alicheka panapochekesha. Mwalimu angetoa chochote amwone akiumia. Huzuni yao ilikuwa gunia la watu wawili, na sasa alilibeba peke yake, huku mwenzake akitembea kando yake mikono mitupu na kumuuliza kama ni zito.

Jioni moja alikuwa anamweleza jambo dogo tu, kwamba mtoto yule alikuwa akilala huku ameshika sikio la baba yake, na wasipompa sikio halali. Alipoinua macho aliona mumewe amepeleka mkono kwenye sikio lake la kulia, na uso wake umelowa. Machozi yalikuwa yanamtiririka, mengi, ya miaka, na mabega yanatikisika, na yeye mwenyewe akiyashangaa, akiyafuta na kuyatazama kwenye vidole vyake vya ufundi.

"Mke wangu, nina nini?" akauliza. "Mbona nalia? Mimi sijui ninalia nini."

Mwalimu alisogeza kiti chake karibu, akamshika kichwa na kukilaza begani.

"Lia tu, Mzee," akamwambia. "Mimi najua."